Picha ya Madaktari Tu

Siku Chuo cha Tiba kilipoamua kujipongeza, kilijipongeza kisawasawa. Mazulia yalifuliwa, feni za ukumbini zilizolala tangu wahadhiri walipogoma zikaamka, na kila profesa aliyewahi kuandika kitu kikasomwa na mtu asiye mkewe alichapishiwa bango refu kuliko yeye mwenyewe. "Utafiti Wetu Unakua," yalisema mabango. Waliokuza utafiti huo kwa miili yao hawakualikwa, wala sura zao hazikuhitajika. Isipokuwa moja.

Hiyo moja ndiyo iliyomsimamisha ghafla Profesa wa upasuaji asubuhi ile, alipoingia baraza la mbele na joho lake mkononi.

Bango lake lilisimama pembeni ya mlango, mahali pa heshima. Juu alikuwa yeye, anatabasamu. Chini yake, mkubwa mara mbili, alikuwa mwanamke mabega wazi, macho yamezibwa kwa ukanda mweusi, na shingoni rovu, uvimbe wa ukubwa wa kichwa cha mtoto, umemulikwa taa hadi mishipa inaonekana. "Mgonjwa wa kwanza," yalisema maandishi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa shangazi yake. Na alikuwa njiani anakuja, kama mgeni wake.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa cherehani. Rovu lilipomwota alijishonea kola ndefu za kulifunika. Wateja wakadhani ni fasheni, wakaagiza na wao, ikawa nusu ya wanawake wa mtaa wanatembea wamekabwa koo kwenye jua kali bila kujua kisa. Hata mpwa wake, chini ya paa moja, hakuwahi kuliona mpaka alipokuwa daktari. Siku ya picha, kabla ya upasuaji, shangazi alifungua vifungo akitazama ukutani.

"Ya nani hii?"

"Ya madaktari tu, shangazi. Itakaa kwenye faili."

"Basi fanya haraka, baba. Huo mlango wenu haufungi vizuri."

Upasuaji ulifana. Rovu liliondoka, kola hazikuondoka. Picha nayo ikaanza safari zake, kwenye majarida, kwenye mikutano, ng'ambo na kurudi, na kila iliporudi ilirudi na cheo. Mwenye shingo hakuulizwa tena. Mpwa hakusahau. Kila mara alikumbuka, akaona haya, akapanda ndege.

Sasa alimkamata afisa uhusiano, mama mchangamfu aliyekuwa akikimbia na simu mbili.

"Hili bango liondolewe."

"Liondolewe, Profesa? Hii ndiyo picha inayoibeba siku! Mkuu wa chuo kaichagua mwenyewe. Na macho tumeyaziba, usihofu, hata mamake mzazi hamjui huyo."

"Naona tu... haijakaa vizuri."

"Tuisogeze kushoto?"

Alitakiwa kusema kitu kimoja tu, kwamba huyo ni shangazi yangu. Kilimfika ulimini. Mara mkuu wa chuo akaingia na wafadhili, suti kwa suti, akampiga bega. "Bingwa wetu huyu! Tazameni kazi yake!" Wafadhili wakaitazama ile shingo. Mmoja akasikitika, akauliza watu kama hawa wanatoka wapi.

"Vijijini huko," alisema mkuu. "Au siyo, Profesa?"

Nyumba ya shangazi ilikuwa ng'ambo ya soko, unafika hata jasho halijakutoka.

"Vijijini huko," alisema Profesa.

Shangazi alipofika, na gauni jipya la buluu, kola imesimama wima, mpwa alimwahi getini akamzungusha nyuma kupitia jikoni.

"Kwani mlango wa mbele umefanya nini?"

"Watu wamejaa, shangazi."

"Mbona namwona mmoja tu, anapiga miayo?"

"Njoo tu huku."

"Haya. Leo siku yako. Ukisema nipite dirishani, napita."

Akamkalisha katikati ya ukumbi, akapanda jukwaani kwenye meza kuu akihema kama mwizi aliyeruka ukuta. Lakini skrini alikuwa ameisahau. Mkuu alihutubia juu ya makala zilizoongezeka na maabara mpya, akabonyeza kidude, na shangazi akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango.

"Lo! Huyu kameza chungu?" alisema mtu safu ya nyuma, asiyejua kunong'ona. Wenzake wakacheka puani.

Profesa aliuona mkono wa shangazi ukipanda polepole hadi kwenye kola, ukapapasa kifungo cha juu. Shangazi aliitazama skrini. Kisha akamtazama mpwa wake.

Ndipo Profesa akaitwa. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na neno moja lilitosha: zimeni. Badala yake alimshukuru mkuu, akawashukuru wafadhili, akawashukuru "wagonjwa wetu wote walioshirikiana nasi," akapokea ngao. Ukumbi ukapiga makofi. Shangazi naye alipiga, mpaka mwisho, na hapo Profesa akatamani sakafu ipasuke.

Alimkuta shangazi baraza la mbele, amesimama mbele ya bango.

"Uliniambia ya madaktari."

"Mle ndani wengi ni madaktari, shangazi."

"Yule aliyesema nimemeza chungu, daktari wa nini?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Dereva."

"Ndiyo maana ukanipitisha jikoni. Ulijua."

"Nilijua."

"Umemwambia nani kwamba ni mimi?"

"Hakuna."

"Sasa ulikuwa unanificha mimi, au unajificha wewe?"

Shangazi akatoa simu pochini.

"Vua shati."

"Shangazi?"

"Vua nikupige picha. Ya mafundi cherehani tu. Itakaa kwenye simu."

Profesa aliiweka ngao chini. Akavua joho, akaanza vifungo, kitambi kikachungulia. Wageni walikuwa wanatoka na glasi zao. Mkuu wa chuo akasimama.

"Profesa, vipi, unaumwa? Na huyu mama ni nani?"

"Huyu ni..." alianza.

"Nyamaza," alisema shangazi kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo tangu utoto wake. Kisha akamgeukia mkuu. "Mimi? Fundi wake. Nimekuja kumpima shati."

Mkuu akacheka. Shangazi akarudisha simu pochini bila kupiga picha yoyote, akatoka kwa mlango wa mbele, hakuaga.

Profesa alilishika bango akaanza kulikunja.

"Profesa, jamani!" afisa uhusiano alikuja mbio. "Wafadhili bado hawajapiga picha nalo! Lina kosa gani?"

"Picha hii sina ruhusa nayo," alisema, kifua wazi, kwa sauti iliyowafikia wafadhili. "Sijawahi kuwa nayo. Hapa, wala kwenye majarida."

Mkuu wa chuo akaacha kucheka. Profesa akaendelea kukunja, hakumtazama mtu.