Vifuko vya Uzi Mwekundu

Wateja walimwita Bi Santuri, jina lililomganda tangu enzi za zile sahani nyeusi, na hata alipohamia kwenye sidii hakuna aliyejisumbua kumbadilishia. Duka lake lilikuwa jembamba kama ujia. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na redio kuukuu, na hapo kila mteja alisikiliza walau wimbo mmoja kabla ya kununua. Akishanunua, Bi Santuri alitia sidii kwenye kifuko cha karatasi, akakifunga kwa uzi mwekundu, mafundo mawili na kitanzi, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kulikuwa na jambo moja wateja wasilolijua. Kila Ijumaa mchana redio ya taifa ilisoma Orodha, albamu ishirini, kuanzia ya mkiani mpaka ya kwanza. Wengi walidhani mtangazaji anaitunga kichwani mwake. Wapi! Ofisi ya Orodha ilichagua maduka machache kwa siri, na kila duka lilijaza fomu ya wiki: mnunuzi mmoja, alama moja. Ukinunua nakala kumi za albamu ileile, bado ni alama moja, maana Orodha inahesabu masikio, haihesabu vifuko. Na kwa kuwa maduka ni machache, kila alama ilizidishwa ili isimame badala ya wanunuzi wa kwingine, kisha zikajumlishwa na mara ambazo nyimbo zilipigwa redioni. Duka moja tu likichezewa, albamu ya mkiani inaruka mpaka juu. Ndiyo maana ya siri.

Bi Santuri alikuwa amejaza fomu hiyo miaka kumi na tisa. Siri aliitoa mara moja tu, mwaka jana, alipovunjika mguu, akampa mdogo wake bahasha aipeleke ofisini.

"Usimwambie hata mto wako wa kulalia."

"Dada, mimi tena?"

Huyo mdogo wake wa kike alikuwa fundi cherehani. Mama yao alipofariki, Bi Santuri ndiye aliyembeba mgongoni, akamchana nywele, akambembeleza kwa vitendawili mpaka usingizi umchukue. Na mwana wa fundi huyo, kijana mzima mwenye ndevu aliyeitwa Kinubi, mwaka huu alitoa albamu yake ya kwanza.

Wiki ya kwanza ilishika nafasi ya kumi na saba. Wiki ya pili watu wakamiminika dukani.

"Sikiliza kidogo basi, ndugu yangu."

"Hapana mama, nifungie tu, nina haraka."

Hakuna hata mmoja aliyetaka kusikiliza. Mmoja alikuwa na nyuzi za rangi zimemganda kwenye mkono wa shati, Bi Santuri akazitoa kwa vidole huku akicheka. Alijiambia wimbo umeshawaingia damuni, hawana haja ya kuonja. Kila akichora alama, moyo unaruka. Duka likiwa tupu alicheza peke yake nyuma ya meza, na mguu wake mbovu.

Ijumaa, namba tatu! Kinubi alikuja mbio, akamnyanyua juu juu.

"Mama mkubwa, tumefika!"

"Nishushe wewe, utanivunja na huu mwingine!"

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, ila safari hii wachache miongoni mwao walikaa wakasikiliza. Alhamisi, fomu ikiwa imejaa alama, Bi Santuri alipita kwa mdogo wake kabla ya kwenda ofisini. Pindo la gauni lake lilikuwa limefumuka, na hakutaka kuingia ofisini hivyo.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. "Uzi wa bluu uko kabatini, Dada," alisema bila kuinua kichwa. "Mlango wa kushoto."

Bi Santuri alivuta wa kushoto, ukakwama. Akavuta kwa nguvu, kabati likatikisika, na wa kulia ndio uliofunguka. Vifuko vya karatasi vikamporomokea miguuni. Uzi mwekundu, mafundo mawili na kitanzi. Aliinama akageuza kimoja, akageuza kingine. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefunguliwa.

Cherehani ilinyamaza.

"Dada..."

"Kitendawili."

"Dada, nisikilize kwanza."

"Kitendawili!"

"Tega," alisema mdogo wake, pini zikamdondoka.

"Wameingia wengi, wamebeba wengi, mnunuzi ni mmoja."

Fundi alitazama sakafu. "Nilifanya kwa ajili ya mtoto. Wenzake wote wana wa kuwasukuma. Na sijaiba, Dada, kila kimoja nimekilipia."

"Umeiba mdomo wangu. Mimi niko kitandani, mguu kwenye plasta, wewe unaniosha, mimi nalia kwa kukushukuru. Kumbe ulikuwa unanichukua vipimo!"

"Kinubi hajui. Usimwambie, utamuua."

"Na mimi? Nilicheza, mdogo wangu. Nilicheza peke yangu kama kichaa, nikidhani watu wamempenda."

Alichukua penseli ya fundi, akakunjua fomu juu ya meza ya kukatia. Aliwakumbuka waliosikiliza: mwalimu mstaafu aliyerudia wimbo wa nne mara mbili, muuguzi aliyefuta macho kwa kiganja, na wengine tisa. Hao aliwaachia alama zao. Zote zilizobaki za albamu ya Kinubi alizifuta, akaweka moja tu, ya mdogo wake. Chini akaandika kwamba hesabu ya wiki iliyopita nayo ilichezewa, siri imetoka mdomoni mwake mwenyewe, na duka lake liondolewe.

"Nakupa mji, Dada," fundi alisema Bi Santuri alipofika mlangoni, kwa sauti ileile ya utotoni, aliposhindwa kitendawili na kumpa dada yake mji wowote ilimradi aambiwe jibu.

"Sitaki mji wako. Jibu unalo."

Ijumaa mtangazaji alianza mkiani. Ya ishirini, ya kumi na tisa, ya kumi na nane: Kinubi. Kijana alikuwa amekaa dukani kwenye kiti cha wateja, shati limepigwa pasi kwa ajili ya namba moja.

"Mama mkubwa, imekuwaje? Watu wamenichoka?"

Bi Santuri alizima redio. "Kuna mwalimu mstaafu aliurudia wimbo wako wa nne mara mbili. Kuna muuguzi ulimliza hapo hapo ulipokaa. Kumi na mmoja walikusikiliza wiki hii, na hao ni wako, hakuna wa kukunyang'anya."

"Na wale wengine wote? Wiki ile walijaa mpaka mlangoni, uliniambia mwenyewe!"

Bi Santuri aliuviringisha uzi mwekundu kwenye kibao chake, taratibu, mpaka ncha ikaisha.

"Hao," alisema, "kamuulize mama yako."