Kipya Kingali Sokoni

Kwanza nilisikia nazi ikikunwa. Krr, krr, krr, inanyamaza kidogo, inaanza tena. Nilikuwa kitandani bado, macho nimeyafumba, nikafurahi nikijua leo kuna wali wa nazi. Nikangojea harufu. Haikuja. Ndipo nilipokumbuka kuwa mama alikwenda sokoni tangu alfajiri, na kuwa nazi siku hizi tunanunua iliyokwisha kukunwa. Sauti ilitoka chumba cha pili. Ilikuwa feni ya kadi ya picha, kile kipande kinachochora mchezo kwenye skrini, ndani ya kompyuta ya dada yangu.

Fazilah hakugeuka niliposimama mlangoni. Skrini yake ilikuwa imeganda. Askari wa mchezo alisimama mguu mmoja hewani, na adui aliyemuua labda alishaondoka zake zamani.

"Inakufa, kaka," alisema.

Nikamwambia nitaitia mafuta ya cherehani. Nilikwisha kuitia mara mbili mwezi huo. Nyumba zetu hapa Tanjungpinang, mji wa kisiwani, zimesimama juu ya nguzo baharini, na chumvi hupanda kupitia mbao za sakafu ikala kila chenye chuma: misumari, kufuli, baiskeli, na kadi za picha. Ile yetu tuliinunua ikiwa imetumika, na sasa ilikuwa na umri wa miaka saba.

Dada yangu ana miaka kumi na tisa, na hapa sitajifanya mnyenyekevu: hakuna mtu katika mji huu anayemfikia kwa kulenga. Kwa mashine iliyokuwa ikiganda kila baada ya dakika kumi, alipanda ngazi za mchezo wake mpaka timu moja ya kisiwa cha jirani, Batam, ikamwandikia. Walitaka kumjaribu Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kila mchezaji angecheza nyumbani kwake, kwa mashine yake, muda wa saa tatu bila kupumzika, huku wao wakimtazama. Mashine ikiganda mara mbili, mchezaji ameondolewa. Nafasi ilikuwa moja tu.

Na fedha zilikuwepo. Hilo ndilo lililomuuma.

Mimi kazi yangu ni mlango. Kwetu, bwana harusi akifika kwa kina bibi harusi hukuta kitambaa kimetandwa mlangoni, na hapiti mpaka watu wake wajibu mashairi ya wenye nyumba. Ni beti za mistari minne, miwili ya picha, miwili ya maneno yenyewe, na jibu ni papo hapo. Asiyejibu hutoa bahasha. Mimi huitwa kushika mlango. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusikiliza nje ya madirisha ya harusi za watu, na kwa miaka minne hakutokea wa kunifunga mdomo. Bahasha zangu nilizitia katika kopo la biskuti, na kopo lilikuwa limefikia bei ya kadi nzuri ya toleo la sasa, dukani kwa Koh Akiat, muuza vipuri vya kompyuta.

Lakini toleo jipya lilikuwa linatoka mwezi wa pili. Ilibaki miezi mitatu tu.

Nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa juu yake. Nilikaa kwenye duka la kahawa, chai ya barafu mkononi, nikawaeleza watu walionizidi umri kwamba anayenunua toleo la zamani wakati jipya liko njiani ni sawa na anayenunua samaki wa jana huku boti za asubuhi zinaingia. Tena kulikuwa na lile jambo la Bang Tarmizi.

Bang Tarmizi, na bang kwetu ni kaka, ni jirani yetu, anaendesha boti ya kuvusha watu kwenda kisiwa cha Penyengat. Miaka miwili iliyopita alinunua kadi kwa mbwembwe, akapita nayo nyumba hadi nyumba ikiwa ndani ya boksi lake. Mwezi mmoja baadaye jipya likatoka, na bei ya ile yake ikaporomoka. Mimi nikamtungia:

*Kaa yumo mkokoni,*
*wavu umekatwa kamba;*
*kipya kinaja sokoni,*
*kwa cha kale ajigamba.*

Ubeti ukaenea. Wauza konokono wa baharini waliuimba, na abiria wake mwenyewe walimwimbia wakiwa katikati ya maji, asiweze kuwashusha. Siku moja alinitazama akasema kwa upole kwamba bahari haina haraka, naye hana. Sasa ningewezaje mimi, Izhar, kuingia kwa Koh Akiat mchana kweupe na kutoka na boksi la cha kale?

Nilikwenda hata hivyo, Alhamisi, nikijifanya napita tu. Koh Akiat ameuza vipuri tangu kabla sijazaliwa. Aliniambia amebakiwa na kadi moja na haagizi nyingine, kwa kuwa kila mtu anangoja jipya. Nikamuuliza angekuwa mimi angefanyaje. Akanikumbusha kwamba niliwahi kumuuliza swali hilo nimesimama hapo hapo. Nikangoja. Jipya lilipokuja nikaliona ghali, nikangoja bei ishuke. Bei iliposhuka, nikawa nimeshasikia habari za lijalo.

"Wateja kama wewe nawapenda," alisema. "Mnanifutia vumbi la meza kwa viwiko. Mwaka wa tatu huu."

Nikatoka nimekasirika, na hasira ikanifanya kichwa kigumu zaidi. Nyumbani nikamwambia Fazilah tutangoja. Awaandikie wale watu wa Batam wamsogezee siku. Mwezi wa pili atacheza kwa mashine ambayo kisiwa kizima hakina. Niliisema vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyosema mlangoni.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wao wananitaka Jumamosi, kaka. Hawajanitaka mwezi wa pili."

 

Jumapili kulikuwa na harusi upande wa pili wa daraja letu la mbao, lile linalounganisha nyumba zetu juu ya maji. Nilishika mlango, nikawatoa jasho watu wa bwana harusi mpaka mjomba wao akasahau jina la kijana wake. Nikarudi nimevaa suti yangu ya hariri na kofia nyeusi, bahasha mfukoni, na nusu ya wageni nyuma yangu wakirudi makwao, Bang Tarmizi miongoni mwao.

Nilipofika nyumbani, mlango ulikuwa umezibwa. Mama alishika ncha moja ya kitenge chake cha batiki, ncha nyingine imefungwa kwenye msumari, na nyuma ya kitambaa alisimama Fazilah.

Watu wakasimama, wakacheka. Na mimi nikacheka. Dada yangu hajapata kutunga beti tangu azaliwe. Akiitwa kusoma shairi shuleni alikuwa anaumwa tumbo. Nikamwambia afungue, nina njaa. Akavuta pumzi, ile pumzi yake ya kabla ya kufyatua, akasema bila kupaza sauti:

*Nazi ikune, nipike,*
*wageni wanatuita;*
*mngoja kipya kifike,*
*leo yake yampita.*

Mtu mmoja akaguna kama aliyeonja pilipili.

Nikafungua kinywa. Vina nilikuwa navyo. Ningeweza kuunga beti kumi za vina hivyo nikiwa nimelala. Mistari miwili ya picha ilikuja mbio, lakini kila nilipotafuta miwili ya mwisho nilikuta uongo. Nilitaka kusema subira huvuta heri. Miaka mitatu ya subira yangu ilivuta nini? Nilitaka kusema kipya ni bora; bora kwa nani, Jumamosi saa nane mchana? Ubeti wenye picha nzuri juu na uongo chini ni aibu. Nimewafukuza mlangoni wanaume wengi walioniletea beti za namna hiyo. Sikuweza kuleta mmoja mbele ya mlango wa kwetu.

"Mhesabieni, jamani," alisema Bang Tarmizi kutoka nyuma. "Si ndiyo sheria yake mwenyewe?"

Wakahesabu. Kwenye harusi mwisho ni kumi. Walifika kumi, wakanihurumia wakaongeza mbili.

"Toa bahasha," alisema Fazilah. 

Nikaitoa. Mama akaipima mkononi, akatikisa kichwa. "Hii ndogo. Lete na kopo."

Niliinama nikapita chini ya kitambaa, watu wakishangilia. Masikio yaliniwaka. Lakini chini ya moto ule kulikuwa na kitu kingine, na leo nakitaja bila haya: nilijivuna. Kisiwa kizima kilishindwa kunifunga mdomo kwa miaka minne. Aliyeweza alitoka tumbo nililotoka mimi.

Jumatatu nilikwenda kwa Koh Akiat saa sita mchana. Hakunicheka. Aliifuta kadi vumbi, akataka kuitia kwenye mfuko mweusi wa nailoni. Nikakataa. Nikalibeba boksi mkononi, picha yake ikitazama mbele, nikalipitisha soko zima na daraja zima. Walinianzia kwa wauza samaki: *kaa yumo mkokoni*. Nikapunguza mwendo ili wamalize vizuri, maana ubeti wangu haustahili kukatwa katikati.

Jumamosi maji yalijaa mpaka karibu na sakafu. Fazilah alivaa masikioni vile visikilizio vyake vikubwa, akafunga mlango kwa ndoano, akaniruhusu nikae nyuma yake kwa sharti nisipumue kwa sauti. Mimi mchezo wenyewe siuelewi sana. Nilikuwa nasikiliza ile nazi. Saa ya kwanza hakuna, saa ya pili hakuna. Mashine ilikuwa kimya, na skrini haikuganda hata mara moja. Kwa mara ya kwanza nikamwona dada yangu alivyo hasa, bila kile kigugumizi cha picha ambacho siku zote nilidhani ni sehemu ya mchezo wake. Alikuwa anafika mahali kabla ya wengine kujua kuna mahali. Mwanzoni sauti za wanaume wa Batam zilikuwa nyingi, zinaamuru, zinataniana. Zikapungua. Mwisho ilibaki moja, ikimuuliza kwa adabu aliwezaje kupita kwenye ule moshi wa mchezoni, na kama angependa kuwaonyesha tena.

Barua yao ilikuja baada ya siku mbili: nafasi ni yake, ahamie kwao Batam. Mama aliisoma mara nne. Kisha akasema atakwenda Batam kwanza kuikagua nyumba ya wasichana wa timu, choo na mlinzi wake, na akaenda kweli.

Fazilah aliondoka mwezi wa pili, siku ile ile toleo jipya lilipoingia madukani. Sikupanga mimi. Bandarini tulikuwa mama, mimi, na majirani wasiopungua ishirini, na aliyebeba sanduku lake alikuwa Bang Tarmizi, aliyekataa katakata kumwachia mchukuzi. Alilitua chini polepole. Akatoa simu, akawaonyesha watu picha ya kadi mpya na bei yake, akasafisha koo. Nilijua kinachokuja. Alikuwa amekingoja miaka miwili.

Akaughani ubeti wangu wote, bila kosa, uso kwa uso. *Kipya kinaja sokoni, kwa cha kale ajigamba.* Watu wakageuka kunitazama. Koh Akiat naye alikuwepo, ameacha duka siku ya faida kubwa.

Safari hii mistari minne yote ilikuja pamoja, na ya chini ilikuwa kweli kama ya juu:

*Kaa sasa yu jikoni,*
*wavu tumeunga kamba;*
*kipya kingali sokoni,*
*cha kale kimeshatamba.*

Watu wakamhesabia Bang Tarmizi mpaka sita au saba. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo, akanivuta kichwa kifuani kwake akakisugua kama cha mtoto. Akasema sasa tumelipana, na kwamba ubeti huu wa pili atawafundisha abiria wake yeye mwenyewe, kwa maana unamtetea na yeye.

Honi ya boti ikalia. Fazilah alimbusu mama mkono, akaja kwangu. Aliniambia mashine nisiiuze, Jumamosi niwaachie wasichana wa daraja letu waitumie, na chupa ya mafuta ya cherehani nirudishe kwenye cherehani. Kisha akakaza mkanda wa begi, hakunitazama.

"Mechi yetu ya kwanza ya jukwaani ni mwezi wa nne," alisema. "Utakuja? Au utangoja fainali?"

Nilijibu kwa sauti ya mlangoni, ili mama asikie, na Bang Tarmizi asikie, na hata walioshapanda boti wasikie.

"Nitakuja ya kwanza, Fazilah. Sitangoja ya pili, sitangoja fainali. Boti ya kwanza ya asubuhi mimi nimo, na kopo likiwa tupu nitasimama kwenye mlango wenu huko Batam na kitenge cha mama, asiingie mtu mpaka wanijibu au wanilipe nauli. Ya kwanza. Nakuahidi mbele ya hawa wote."