Mdhamini wa Viorica

Jumanne alasiri Viorica alikuwa akimenya viazi jikoni kwake, mjini Botoșani. Bintiye, Ilinca, alikuwa amefungua kompyuta mezani amwandikie wasifu wa kazi. Nyumba ya kutunzia wazee, kule nyuma ya stesheni, ilikuwa inatafuta mhudumu.

"Kiwanda cha nguo kilipofungwa, ukafanya nini, mama?"

"Si nilikaa tu nyumbani."

"Ulikaa lini, we?" akadakia Aglaia, mama mkwe wake Viorica. Aglaia alizikwa kabla ya Pasaka, na tangu hapo kila jioni alikuwa akija kunywa chai. Siku hiyo aliwahi kidogo. Akavuta kiti, akakaza kitambaa chake cha kichwani. "Miaka yote ile nimelala kama gogo, nani alikuwa akinigeuza? Nani akinilisha? Andika, mjukuu wangu."

Ilinca akaandika: kumwogesha mgonjwa, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumpa dawa kwa saa zake.

"Andika na siku niliyomtemea supu usoni, yeye akacheka."

"Bibi, hayo hayawekwi kwenye sivii. Wanataka ukurasa mmoja."

"Basi punguza ya kiwandani."

Viorica aliinamia viazi vyake. Katika uhai wake mama mkwe hakuwahi kumwambia hata ahsante.

Mwisho wa ukurasa palitakiwa jina la mdhamini. Aglaia akasema aandikwe yeye.

Alhamisi wakaenda pamoja kwenye usaili. Bwana Pintilie, mwajiri, alimwongezea marehemu kiti, akamwomba kitambulisho. Aglaia alikuwa nacho. Walimzika nacho mfukoni. Alizungumza vizuri, bila haraka, na Pintilie akaandika yote.

"Nimekuelewa, mama," alisema mwishowe. "Ila wewe ni mkwe wake. Halafu miaka hiyo yote hana hati hata moja ya mshahara. Kwetu huyu ni mtu asiyefanya kazi."

"Sasa mimi nilikuwa najigeuza mwenyewe?"

"Kwa mujibu wa sheria, ndiyo, mama."

Akaongeza kwa upole kwamba Viorica anaweza kuja kujitolea bila malipo, apate uzoefu. Wazee ni wengi na mikono haitoshi. Viorica akasema atafikiria.

Walirudi kwa miguu, barabara imejaa majani yaliyolowa. Viorica alikuwa amemshika Aglaia mkono kwa mazoea tu, maana siku hizi Aglaia alitembea vizuri kuliko yeye. Kwenye kilima cha kanisa pumzi zikamwishia Viorica, akasimama.

"Umechoka, mwanangu?" Aglaia aliuliza. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Kidogo, mama."

"Njoo uniegemee."

Viorica akamwegemea. Bega la marehemu lilikuwa baridi kama ukuta wa kisima, lakini lilikuwa imara, na Aglaia akafupisha hatua zake ili waende sawa.