Mita ya Tatu Kutoka Mlangoni

Jumatatu mwokaji mikate aliwasha oveni, ikamnunia. Akalaumu kiberiti. Alipotoka hadi kwenye korido akakuta mita yake imefungwa lakiri ya kampuni ya gesi, na kikaratasi kinaning'inia: mteja amehama, huduma imehamishiwa anwani mpya.

Aliyehama alikuwa fundi cherehani, jirani yake. Mafundi wa kampuni walikuwa na desturi yao: namba za mita hawasomi, wanahesabu kutoka mlangoni. Ya fundi cherehani ilikuwa ya tatu kati ya nne. Lakini mwenye nyumba alikwishaziba mlango wa mbele na kutoboa wa nyuma, kwa hiyo ya tatu sasa ilikuwa ya mwokaji.

Kule kampuni, karani alimwambia kompyuta inaonyesha amehama.

"Nimehama lini, mwanangu? Unga wa jana huu hapa kwenye kucha zangu."

Karani akaita anayefuata.

Mpishi mkuu wa hospitali alimpa mpaka Ijumaa. Mkate wa wagonjwa usipofika, kazi inakwenda kwa mwingine. Kazi yenyewe ameihangaikia miaka miwili. Mama mkwe wake akamshauri atulie, mwenye nguvu mpishe.

"Nimempisha, mama, mpaka mgongo umegota ukutani."

Akaenda kwenye mamlaka inayozisimamia kampuni za gesi. Ofisa wa malalamiko, mzee wa miwani, alisema bila jibu la maandishi kutoka kampuni hawezi kufungua jalada. Akarudi kampuni. Karani akasema barua za kukataa hawaandiki. Basi mwokaji akachana ukurasa wa daftari, akaandika mwenyewe: leo nimedai gesi yangu, nimeambiwa nimehama, na nimekataliwa barua. Akausukuma dirishani pamoja na karatasi za watu wengine. Karani akaupiga muhuri bila kuusoma.

Ofisa aliusoma mara mbili. "Muhuri wao wenyewe," akasema, akafungua jalada.

Alhamisi ofisa akaja na fundi mkuu wa kampuni. Ofisa mwenyewe akainama, akafuta vumbi, akasoma namba ya mita na kuilinganisha na jalada. Kosa likawa peupe kama unga. Pole hakuna. Fundi mkuu akatoa fomu: ombi la mteja anayerejea baada ya kuhama. Atie sahihi tu, gesi ifunguliwe sasa hivi.

Mama mkwe akamminya mkono. Tia, mwanangu, kesho Ijumaa.

"Sitii. Nikitia nimekiri kwamba nilihama. Mkikosea tena, mtanionyesha sahihi yangu."

Ofisa akaichukua ile fomu, akaitia jaladani kuwa ushahidi. Kisha akaandika amri palepale, karatasi juu ya goti: kosa ni la kampuni, huduma irudi leo, kwa jina lilelile, bila ombi. Akampa fundi mkuu atie sahihi yeye.

Fundi mkuu akasema lazima ampigie bosi.

"Mpigie," ofisa akasema. "Tunakungoja."

Mwokaji akaleta vigoda viwili, akakaa na ofisa mbele ya mita. Fundi mkuu alipiga simu tatu, kila moja kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Akatia sahihi. Akakata lakiri.

Moto uliposhika, fundi mkuu akaomba maji ya kunawa. Mwokaji akamwonyesha bomba la nje kwa kidole, akarudi kukanda unga; hospitali ilihitaji mikate mia mbili, na siku nne nzima zilikuwa zimeliwa na watu wasiojua kusoma namba.