Wifi na Mlima wa Kona Kumi na Nne

Aliyekuwa amejiandikisha kwenye msafara ule wa baiskeli ni mume wake. Siku tatu kabla ya safari akateguka kifundo cha mguu akishuka ngazi na beseni la nguo, akabaki kwenye kochi, mguu juu ya mto.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe. "Dada yupo, atakuangalia."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na baiskeli hakuwa mgeni nayo. Kila asubuhi aliiendesha kilomita saba hadi chumba chake cha kushonea sare za shule, na Jumamosi alifuatana na mume wake kwenye barabara za nje ya mji. Mlima ndio hakuwahi kuujaribu. Lakini kilichomtia wasiwasi zaidi ni huyo dada, yaani wifi yake.

Wifi alikuwa mkunga, mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye miguu isiyojua kuchoka. Wawili hao hawakuwahi kugombana. Walisalimiana vizuri, walipakuliana chakula vizuri, wakaagana vizuri, na kwa miaka tisa hawakuwahi kucheka pamoja hata mara moja.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikutana kituo cha mafuta, watu wanane. Aliyewaongoza alikuwa mpima ardhi mstaafu, wakimwita Kepteni.

"Tambarare tunakwenda wawiliwawili," alisema. "Mlimani kila mtu na mapafu yake. Juu tunasubiriana. Haachwi mtu."

Tambarare ilikuwa raha tupu. Fundi alijibanza nyuma ya muuza nyama mmoja aliyeitwa Kabati, na mgongo wake ulikuwa mpana kiasi kwamba upepo wote uliishia kwake. Kilima cha kwanza akakipanda bila taabu. Basi kichwa kikamvimba. Walipofika chini ya mlima wenyewe, wenye kona kumi na nne, akaondoka mbio na vijana wa mbele.

Kona ya tatu ikammaliza. Moyo ukadunda hadi masikioni, mapaja yakawaka moto, vijana wakapotea juu, na Kabati akampita taratibu huku akiomba radhi. Hapo akamwona wifi, aliyekuwa ameshampita, anageuza baiskeli na kurudi chini.

"Umeondoka kama unafukuzwa," alisema mkunga akijipanga ubavuni kwake.

"Nimekwisha, wifi. Nendeni tu."

"Hujaisha. Unapumua vibaya. Weka gia nyepesi kabisa. Ndiyo hiyo. Sasa toa pumzi kwa mdomo, polepole, kama unapoza chai."

Fundi akatii. Wakapanda hivyo, bega kwa bega, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Usisukume!" mkunga alimkemea. "Bado. Subiri kona. Haya, sasa, sukuma! Kidogo tu. Basi, legeza. Pumua. Vizuri sana, mama."

Fundi akaangua kicheko, baiskeli ikayumba. "Wifi, mimi sizai hapa!"

"Ungezalia mikononi mwangu ungejua kwamba nawaambia hivihivi wote."

Alisema kwa utani, lakini kicheko kilikatika. Wakaipita kona iliyofuata. Fundi alikuwa amejifungulia hospitali ya upande wa pili wa mji, wakati wodi ya wifi yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Sababu hakuwahi kuisema.

"Niliona haya," alisema fundi.

"Haya ya nini?"

"Ya wewe kuniona vile. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenu. Mama mkwe ananisifu kwa kila mtu, eti mpole, eti sauti haitoki. Nikawaza, wifi akinisikia siku hiyo, mezani nitakaa na uso gani?"

Mkunga akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani huiamini mikono yangu. Nilibadilishana zamu ili niwepo. Nikapiga pasi sare mpya. Nikakaa wodini tangu alfajiri, hadi nikapigiwa simu kwamba mtoto kashazaliwa kwingine."

"Nisamehe, wifi. Sikujua."

"Ungejuaje? Nilinuna miaka minane kwa jambo la kuuliza siku moja. Nisamehe na mimi." Akamtupia jicho. "Ila kelele, ulipiga kweli?"

"Nilimng'ata kaka yako mkono."

Mkunga akafunga breki na kushusha mguu chini. "Alituambia ni mbwa wa jirani! Nikamchoma sindano mimi mwenyewe!"

Wakacheka hadi wakalazimika kuegemea ukingo wa barabara, machozi yakichanganyika na jasho. Ikawachukua muda kuanza tena. Kona zilizobaki hazikupungua ukali, lakini fundi alikuwa ameijua dawa yake, pumzi na gia nyepesi, na hakushusha tena mguu hadi juu.

Wenzao walikuwa wamelala kwenye majani. Kabati alimpa ndizi, akala tatu mfululizo, akachukua na ya nne. Kepteni akatazama saa yake, akaguna.

Kushuka, mkunga alitangulia ili amwonyeshe njia ya kupita katika kona. Mwanzoni fundi alishika breki hadi vidole vikauma. Kisha akaanza kuachia kidogokidogo, akijilaza upande na barabara, hewa baridi ikimwingia mikononi mwa fulana, mji mzima umetandazwa chini. Mbele yake wifi aliinua mkono mmoja kuonyesha kona nyingine, naye akamfuata.