Povu Kwenye Kichupa

"Mama, hebu nitazame mkono," mwanafunzi alisema. "Nakosea wapi hapa?"

Alikuwa ameshika pipeti, akinyonya maji matupu kwenye bilauri moja na kuyahamishia nyingine. Mazoezi ya maji, jamani, kama mtoto wa chekechea! Wiki ya sita sasa, kila saa ya chakula wenzake wanakula, yeye yumo maabara na maji yake. Mama Polepole aligeukia sinki, akajitia kusuuza chupa alizokwisha kuzisuuza.

"Hukosei," alisema.

"Basi mbona seli zangu zinakufa?"

Mama Polepole akafungua bomba, akasuuza chupa nyingine.

Hilo jina la Polepole alipewa na watu. Miaka ishirini na miwili fundi huyu wa maabara amewafundisha wageni wote neno moja: usitikise. Ile protini ya kinga huja ikiwa unga mkavu, kiasi cha kupeperushwa na chafya, chini ya kichupa. Ni protini ya binadamu, ila imetengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni la binadamu, na bila hiyo seli nyeupe za damu, kama hizo anazokuza mwanafunzi, haziishi siku mbili nje ya mwili. Unaitia maji taratibu, unakilaza kichupa, unakiviringisha kwa vidole, unasubiri. Ukikitikisa kinatoa povu na protini inaharibika humo humo. Povu likishatulia, macho hayaoni kitu. Maji yanabaki maangavu vilevile.

Sasa sikia alichofanya. Siku kichupa cha mwanafunzi kilipofika, wakubwa walikuwa wamemwandalia Mama Polepole hafla ghorofani: cheti cha utumishi bora, kwa sababu ya mikono yake makini. Profesa akachungulia mlangoni. "Mama, unasubiriwa wewe tu!" Naye, kichwa kimemvimba kwa sifa, akakinyakua kichupa, akakimiminia maji na kukitikisa kama dawa ya kikohozi. Povu likapanda mpaka shingoni. Alilitazama. Akangoja litulie, akagawa maji yale kwenye vichupa vidogo, akavitia kwenye friza, kisha akapanda ngazi kwenda kupigiwa makofi.

Haya, kosa ni kosa, nani hakosei? Lakini seli zilipokufa mara ya kwanza na mwanafunzi akaja mbio kumuuliza, alimjibu nini? "Labda mkono wako unatetemeka, mwanangu." Hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Na binti wa watu akaamini.

"Nimeandika barua," mwanafunzi alisema sasa, akiiweka pipeti mezani. "Namwambia profesa naacha. Nyumbani nimeshasema kwamba kazi hii imenishinda." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mama yangu kakataa kusikia. Anasema nikuombe wewe unifundishe upya, eti nina bahati kuwa na mtu kama wewe."

Aibu ilimpanda Mama Polepole kutoka nyayoni mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Cheti kilikuwa pale pale ukutani, kwenye fremu aliyoinunua mwenyewe.

"Usiipeleke," alisema. "Nilikitikisa."

"Ulitikisa nini?"

"Kichupa chako. Siku ya hafla. Niliona povu kwa macho yangu haya, nikanyamaza. Mkono wako hauna neno, mwanangu. Haujawahi kutetemeka."

Mwanafunzi alizisukuma bilauri kando.

"Kwa hiyo siku ile niliyokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Heri angemtukana. Aliikunja tu barua, akaitia mfukoni. Hakuichana.

Mama Polepole alipanda zile ngazi tena, safari hii bila kuitwa, akamweleza profesa yote. Aliyoambiwa huko alishuka nayo kifuani. Mkononi alikuwa na kichupa kimoja kipya cha akiba. Kwa mazoea akavuta stuli yake na kuketi mezani.

"Hapana, Mama," mwanafunzi alisema. "Nipe mimi."

Akampisha. Binti akatia maji tone kwa tone, akakilaza kichupa, akaanza kukiviringisha kwa vidole.

"Nitazame mkono."

Mama Polepole akasogea, mikono ameifunga nyuma, maana ndiyo iliyokuwa ikitetemeka. Kichupa kilizunguka pole pole, bila hata kipovu kimoja.

"Umetulia," alisema.

Mwanafunzi hakuinua kichwa. Aliendelea kuviringisha.