Kabla ya Kukwangua

Daktari wetu wa upasuaji tunamwita Kisu, maana mkono wake hutangulia akili. Aliingia chumba cha picha akila chungwa, maji yakimchuruzika mpaka kwenye saa. Kwa kidole kilicholowa maji hayo akagusa kioo cha kompyuta yangu, akaacha alama ya kunata juu ya kibofu cha mtu.

"Kansa imeshatoka nje ya kibofu," akasema. "Si unauona huu ukungu? Nimeshamwambia mgonjwa sitampasua, akapumzike nyumbani."

Mgonjwa alikuwa fundi seremala, yuko wodini na dada yake. Picha ya CT hutuonyesha, kabla ya upasuaji, kansa imefika wapi. Ikiwa bado imo kibofuni, tunakitoa kibofu na mtu anaweza kupona. Ukungu niliuona, ila ulikizunguka kibofu pande zote, na kansa ilikuwa upande mmoja tu.

"Ulishamkwangua kibofu?" nikamuuliza.

"Juzi. Si lazima tupate kinyama cha kupima?"

"Kabla ya picha?"

"Foleni yenu haiishi. Ningengoja mpaka lini?"

Kibofu kikikwanguliwa huvimba, na uvimbe huo kwenye picha hufanana na kansa iliyosambaa. Huyu bwana alimjeruhi mtu, kisha akamhukumu kwa jeraha lilelile.

"Tutarudia picha uvimbe ukishuka," nikasema. "Twende ukamwambie sasa hivi."

"Sawa, daktari, ila tusivuane nguo mbele ya watu." Akajifuta vidole kwenye koti lake jeupe.

Tulimkuta dada mtu ameshafunga mabegi, macho mekundu.

"Habari njema, fundi," Kisu akasema akitabasamu. "Mashine ilikosea. Upasuaji bado unawezekana."

"Mungu mkubwa!" dada mtu akapiga magoti. Lile tabasamu lilinitia kinyaa kuliko chungwa.

"Mashine haikukosea, dada yangu," nikasema. "Ilipiga picha ya kidonda alichokifanya yeye. Alikwangua kabla hatujapiga picha."

Fundi akaitazama mikono ya Kisu kwa muda mrefu, kama anayekagua msumeno wa kuazima.

"Na atakayenipasua ni nani?"

Hospitali nzima tunaye Kisu mmoja tu.

"Ni yeye," nikasema.

"Basi," fundi akasema, "mwambieni aanze kwa kunawa."